Kukimbia naweza, baiskeli naweza, ila maji yananitisha. Niende triathloni au nijitoe?

Shikamoo dada,

Naomba nisiandike jina maana kazini kwetu wengi wanasoma safu yako. Nina miaka 34, mama wa watoto wawili, ni muuguzi hapa Dar na kazi yangu ni ya shifti. Nilianza kukimbia baada ya kujifungua mtoto wa pili, presha ilinisumbua sana kwenye ule ujauzito na daktari akaniambia nisikae tu. Nikaingia jogging klabu ya mtaani kwetu, zile za Jumamosi alfajiri mnakimbia na nyimbo, nikapenda, mwaka jana nikaenda Moshi kwenye Kilimanjaro Marathon nikakimbia kilomita 21 nikamaliza kwa saa mbili na dakika 24. Dada sijawahi kujisikia vile maishani mwangu.

Sasa mwezi uliopita mwenzetu mmoja akaleta kwenye grupu habari za triathloni itakayofanyika huku pwani, ile fupi, unaogelea baharini mita 750, unaendesha baiskeli kilomita 20, unamalizia na kukimbia kilomita 5. Watu watano wakasema wanaenda na mimi nikasema naenda, nikalipia siku ileile kabla sijafikiria vizuri. Zimebaki wiki 11.

Tatizo langu ni maji. Nimekulia Ukerewe, na kila mtu akisikia hivyo anasema basi wewe ni samaki, kumbe sisi wasichana nyumbani ziwa lilikuwa la kuchotea na kufulia tu. Binamu yangu alizama nikiwa darasa la pili, baada ya hapo mama akiona maji yamekufika magotini anakuita jina lako lote mpaka utoke. Nimejifunza kuogelea mwaka huu, ukubwani, kwenye bwawa la hoteli na kocha wa kulipia. Naenda mita 25, nashika ukingo, napumua, narudi. Nikijitahidi sana nafanya hivyo mara nane.

Wiki tatu zilizopita tukaenda baharini wanne Jumapili asubuhi. Mwanzoni poa, maji kifuani, tunacheka. Tukaanza kuogelea kufuata ufukwe, nadhani nilifika mita 30 hivi nikatazama chini nikaona kijani tu, hakuna chini, hakuna mstari kama wa kwenye bwawa, pumzi ikafunga hapo hapo. Nikameza maji, nikaanza kupiga mikono hovyo, wenzangu wako mbele hawajui. Kulikuwa na mzee mmoja mvuvi na ngalawa yake akasogea, wala hakupiga kelele, akaniambia, "Mama, acha kupigana nayo. Lala chali." Nikalala. Nikashika ubavu wa ngalawa, ule ubao ulikuwa na magamba ya samaki yamekaukia pale, yakanikwaruza viganja, mpaka leo nikifumba macho nayasikia mkononi.

Kiongozi wetu wa grupu nilipomweleza akasema mita 750 ni kidogo, siku yenyewe adrenalini itanibeba, nisiendekeze uoga. Mume wangu yeye hajakataa ila amenyamaza, na namjua akinyamaza, na nafikiri na zile nguo za kubana hazijampendeza. Baiskeli nimeazima kwa shemeji, ya mtumba, ya milimani, nzito, wenzangu wana zile za matairi membamba. Naogopa kuwa wa mwisho watu wote wakiwa wameshakunja viti. Na samahani dada hili naliandika kwa aibu, nimehesabu na ile siku inaangukia kwenye hedhi yangu.

Niambie ukweli. Niende au nijitoe?

Muuguzi, Dar es Salaam

* * *

Marahaba mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na pale kwenye ngalawa nimerudia mara nyingi zaidi maana yule mzee amekupa kwa maneno machache kitu ambacho makocha wengi wanakifundisha mwezi mzima. Nitakujibu yote ila nianze na huyo kiongozi wenu, kwa heshima zote, hilo la adrenalini limenikera na nataka ulitoe kichwani leo.

Wewe ni muuguzi, adrenalini unaijua kuliko yeye. Inapandisha mapigo na inafupisha pumzi. Kwenye kukimbia ukipaniki unatembea basi, unainama, unashika magoti, baada ya dakika mbili unaendelea. Majini huna pa kusimama. Kuna utafiti wa Marekani ulitoka mwaka 2017, walikusanya matukio ya watu kufariki au moyo kusimama kwenye triathloni za huko kuanzia 1985 mpaka 2016, wakapata 135, na 90 kati ya hayo yalitokea kwenye kuogelea, ambako ndo sehemu fupi kuliko zote tatu. Ukiweka kwenye hesabu ya walioshiriki ni wachache sana, kama 2 kwa kila laki moja, kwahiyo sikutajii hiyo namba ukose usingizi. Nakutajia ujue kwamba maji ndo sehemu unayotakiwa kuipa heshima na muda wako mwingi, na mtu anayekwambia utajulia hukohuko anakupoteza.

Na kwasababu umetaja presha ya ujauzito, kabla ya kitu kingine chochote nenda kapime, presha na moyo, mwambie daktari wazi kwamba unajiandaa kwa triathloni na kwamba mimba ya pili presha ilipanda. Unajua mwenyewe mama aliyepata presha kwenye ujauzito anatakiwa kufuatiliwa miaka mingi baadae hata akijisikia mzima. Ninyi wahudumu wa afya ndo wa mwisho kujipima, nawajua.

Haya, tuje kwenye ile Jumapili. Mi nilichokiona kwenye maelezo yako ni kwamba ulikuwa unazuia pumzi. Karibu kila mtu aliyejifunza ukubwani anafanya hivi: anavuta hewa, anatumbukiza uso, anaibana mpaka atoe uso tena, halafu kwa ile nusu sekunde anataka kutoa hewa chafu na kuvuta safi kwa wakati mmoja. Haiwezekani. Kaboni dayoksaidi inajaa na ndo hiyo inayokupa ile hisia ya kufa, wala sio kwamba oksijeni imeisha. Kwenye bwawa hukugundua kwasababu kila mita 25 unashika ukingo na kupumua upya, ukingo ulikuwa unakuficha. Baharini hakuna ukingo, ikakufika kwenye mita ya 30. Umeona hesabu inavyokuja? Uoga wa Ukerewe upo, siupuuzi, na pole sana kwa binamu yako, ila chini ya huo uoga kuna kosa la pumzi na kosa la pumzi linarekebishika.

Kwahiyo wiki mbili za kwanza sahau umbali. Simama kwenye maji ya kifuani, uso ndani, toa hewa puani na mdomoni taratibu kwa muda wote ambao uso uko ndani, mapovu yatoke mfululizo kama sufuria ya maharage inavyotokota, geuza kichwa, vuta, rudi. Mara hamsini. Inachosha na watoto wa kwenye bwawa watakushangaa, fanya tu. Halafu kuelea chali, dakika tano nzima bila kushika kitu, masikio ndani ya maji, mpaka mwili uamini kwamba hauzami. Baharini ni rahisi zaidi kuliko kwenye bwawa maana maji ya chumvi yanakubeba, ndo maana mzee alikwambia ulale. Wenzetu wa nchi za baridi wanavaa zile suti za mpira zinawasaidia kuelea, sisi maji yetu ni ya joto hiyo msaada hatuna, lazima chali yako iwe ya kuaminika.

Baada ya hapo ndo uanze kuunganisha. Mita 50 bila kusimama, ukifika ukingoni gusa tu ugeuke, usikae. Halafu 100. Halafu 200. Siri ni kwenda polepole kuliko unavyodhani ni polepole, wakimbiaji wengi wanaingia majini na ile akili ya kusukuma, wanapiga miguu kwa nguvu, miguu inakula hewa yote. Miguu yako iache ipige kidogo tu, utaihitaji baadae.

Baharini urudi, na urudi mapema, usingoje wiki ya mwisho. Ila kwa utaratibu. Angalia ratiba ya maji kabla hujatoka nyumbani, huku kwetu kipindi cha bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa inapita mita 3 na kila siku saa zinasogea mbele kama dakika 50, kwahiyo pale ulipoogelea vizuri Jumapili hii saa moja asubuhi wiki ijayo saa ileile unaweza kukuta ni matope na mawe, au mbaya zaidi maji yanatoka na kukuvuta nje. Chagua siku za maji mafu, zile ambazo tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo, ingia maji yakiwa yanajaa, asubuhi kabla upepo haujaamka, ogelea sambamba na ufukwe pale ambapo ukisimama maji ni ya kifuani. Waulize wavuvi wa hapo mkondo unaelekea wapi, watakwambia vizuri kuliko simu yako. Na katika kipindi cha kusi maji yanakuwa na mawimbi mafupi mafupi ya kukera, ukipata asubuhi ya namna hiyo usikimbie, kaa maji ya kifuani ujifunze kupumulia upande ambao wimbi halikupigi.

Usiingie peke yako hata siku moja, na huyo unayeingia naye awe karibu yako, sio mbele kama wale wenzako. Jifunge boya la rangi kiunoni, hayo ya kununua yanapatikana, ukikosa watu wengi huku wanatumia dumu tupu la lita tano lenye mfuniko unaobana vizuri, unalifunga kwa kamba ya mita moja na nusu linakufuata nyuma. Lengo ni boti na ngalawa zikuone, na ukichoka una pa kuweka mikono upumue.

Na ule ukijani. Najua unachokisema maana na mimi ulinipata. Usitafute chini. Ukitumbukiza uso angalia mkono wako unavyoingia mbele, vidole, mapovu, ndo mpaka wa dunia yako hapo, kila mapigo sita au nane unainua macho kidogo tu usawa wa maji kuangalia boya la kuonyesha njia liko wapi kisha unarudi kwenye mkono wako.

Nikusimulie ya kwangu kidogo. Triathloni yangu ya kwanza ilikuwa ya umbali huohuo, nilikuwa na miaka 36. Nilijipanga katikati ya watu maana niliona aibu kukaa nyuma, king'ora kikalia, ndani ya dakika moja mtu akanipiga teke la shavuni miwani ikahama, jicho moja likajaa maji ya chumvi, mwingine akapanda mgongoni kwangu. Pumzi ikafunga kama yako. Nikageuka chali, nikahesabu pumzi kumi kwa sauti, nikaenda nikashika ncha ya kayaki ya waokoaji. Kijana wa kwenye kayaki akaniuliza, "Unaendelea au unatoka?" nikamwambia subiri kwanza. Nikakaa pale, nikakamua miwani, nikavaa upya, nikaendelea. Nilikuja kujua baadae kwamba kanuni zinaruhusu: unaweza kushika boya au kayaki ukapumzika kadri unavyotaka ilimradi isikusogeze mbele. Na mtindo wowote unaruhusiwa, huru, chura, chali, hata ukichanganya yote. Ukitaka msaada unainua mkono mmoja juu wanakuja. Waulize waandaaji wenu kwenye kikao cha maelezo kabla ya mashindano, watalirudia hilo, lisikilize kwa makini ulijue kabla hujagusa maji.

Kwahiyo wewe siku yako ukae pembeni na nyuma. King'ora kikilia waache waende, hesabu mpaka kumi na tano, ndo uingie kwenye maji yaliyotulia. Hizo sekunde hutozikumbuka hata kidogo.

Sasa jibu la swali lako, niende au nijitoe. Nakupa masharti, na nakuomba uyaandike mahali. Ikifika wiki mbili kabla ya mashindano uwe umeogelea mita 1000 kwenye bwawa bila kushika ukingo, umeelea chali dakika tano, na umeingia baharini si chini ya mara sita ambapo angalau mara mbili umemaliza mita 750 na mwenzio pembeni. Ukiwa umetimiza, nenda na amani. Ukiwa hujatimiza hata kwa kidogo, usiingie majini siku ile, na hapo sitaki ujadiliane na mtu, sio kiongozi, sio grupu, sio hela uliyolipa. Waandikie waandaaji leo uulize kama wana kundi la kupokezana, mashindano mengi yanayo, mmoja anaogelea, mwingine baiskeli, mwingine anakimbia. Mtafute mmoja anayeogelea vizuri mumuweke pembeni kama mpango wa pili. Zipo pia duathloni, unakimbia, unaendesha, unakimbia tena, bila maji kabisa, kwa mkimbiaji kama wewe ni mahali pazuri pa kuanzia mwaka mmoja huku unaendelea kujifunza kuogelea. Kuahirisha sio kushindwa, wewe kila siku unamwambia mgonjwa arudi wiki ijayo na humuoni ameshindwa.

Baiskeli wala isikunyime raha. Ya milimani inaruhusiwa kwenye mashindano mengi ya wanaoanza na kilomita 20 utazimaliza, itakuchukua labda saa moja au zaidi kidogo. Mpelekee fundi mapema, sio siku moja kabla, akague breki, mnyororo, beringi za magurudumu, na umwambie akutolee yale matairi ya meno akuwekee ya laini kama yanapatikana ya saizi hiyo, hapo peke yake utahisi umebadilisha baiskeli. Jaza upepo vizuri mpaka tairi iwe ngumu, wengi wanaendesha tairi laini kisha wanalaumu miguu. Kiti kipandishe: kaa juu, weka kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa, goti linyooke kabisa, ndo urefu wako. Kina mama wengi nawaona wanaendesha kiti kikiwa chini wakitaka miguu yote iguse ardhi, magoti yanawauma kilomita ya kumi wanadhani ni umri. Jifunze kubadilisha tairi ikipata pancha, na jifunze kunywa maji kwenye chupa huku unaendesha bila kuyumba.

Barabara za Dar unazijua, malori na daladala haziangalii, kwahiyo fanya mazoezi Jumapili saa kumi na mbili asubuhi, wawili au watatu, na helmeti kila mara. Helmeti nataka uizoee kwasababu ndo sheria inayowaponza wageni wengi: ukitoka majini ukafika kwenye baiskeli, unavaa helmeti na kufunga mkanda wake kabla hujaigusa baiskeli, na ukirudi unairudisha baiskeli mahali pake ndo unafungua mkanda. Ukikosea unaadhibiwa. Na hupandi baiskeli mpaka uvuke mstari waliochora, unaikokota. Jioni moja tandika taulo uani kwako, panga vitu kwa mpangilio, helmeti juu ya usukani imegeuzwa na mikanda nje, raba zimelegezwa kamba, chupa ya maji pembeni ya kusuuza mchanga miguuni, uwaite watoto wakutazame ukifanya mara kumi. Wangu walikuwa wananihesabia kwa saa, walipenda kuliko mimi.

Kukimbia sitakufundisha, ila kuna kitu kimoja kitakushtua. Ukishuka kwenye baiskeli miguu inakuwa kama sio yako, mizito, hatua fupi, utadhani umesahau kukimbia. Inapita baada ya dakika tano au kumi. Kila wiki mara moja, ukitoka kwenye baiskeli weka chini kimbia dakika 15 hapohapo bila kukaa, mwili utajifunza. Kilomita ya kwanza ishike nyuma, najua utaona watu umewafikia na damu ya Moshi itapanda, shikilia. Joto la hapa pamoja na unyevu linakula, kunywa kwenye baiskeli, ndo wakati rahisi, na kilichokaa vizuri tumboni kwenye mazoezi, iwe uji au ndizi mbili, kiwe hichohicho asubuhi ya mashindano.

Hedhi, usione aibu, umeuliza kwa niaba ya wengi. Haikuzuii kuogelea. Pedi majini haifai, inafyonza maji, kwahiyo ni tamponi au kikombe cha hedhi, na unayo mizunguko miwili kabla ya ile siku ya kujaribia, jaribu kwenye bwawa kwanza. Vaa kaptura nyeusi utulie. Kama siku zako za kwanza zinakuja na maumivu makali liongee na daktari yuleyule utakayemuona kwa presha. Wewe mwenyewe ungemwambia mgonjwa hivyohivyo.

Mumeo. Mi nafikiri kilichomnyamazisha ni ile ngalawa, ulimsimulia? Kama ulimsimulia, mtu aliyesikia mke wake ameokolewa na mvuvi hana la kusema, anaogopa. Mchukue Jumamosi moja aje ufukweni akae aone unavyolala chali, aone mwenzio yuko pembeni, aone dumu lako la rangi. Ila mwambie mapema, na hili ni la muhimu sana, kama hajui kuogelea asiingie kukufuata hata aone nini, arushe kamba au dumu, aite watu, wengi wanazama wakienda kumuokoa mtu. Nguo zungumzeni, hakuna anayekulazimisha ile ya kubana ya kipande kimoja, unaweza kuvaa legingi na fulana juu ya nguo ya kuogelea ukitoka majini, na kama unataka kujifunika zaidi hata ukiwa majini waandikie waandaaji sasa wakujibu kwa maandishi.

Kuhusu kuwa wa mwisho. Ile triathloni ndefu ya Hawaii iliyofanya mchezo huu ujulikane ilianza mwaka 1978 na wanaume 15, wakamaliza 12. Mwaka uliofuata akaja mwanamke mmoja tu, Lyn Lemaire, mwendesha baiskeli, akaingia kati ya wanaume akamaliza wa tano. Nakwambia hivyo sio kwamba nategemea uwe wa tano. Nakwambia kwasababu siku utakapofika pale utahesabu wanawake wa umri wako, hasa wa huku kwetu, utakuta ni wachache, na wale wasichana wadogo wa kujitolea wanaogawa maji watakuwa wanakuangalia wewe mwenye baiskeli ya milimani kuliko wanavyowaangalia wale wa mbele, maana wewe ndo unayefanana na mama zao. Uliza muda wa mwisho wa kila sehemu ni saa ngapi, ulijue, halafu uwache viti vikunjwe.

Niandikie baada ya wiki sita. Sitaki habari za baiskeli wala za kukimbia, niambie tu umeenda mita ngapi bila kushika ukingo. Na ukimuona yule mzee wa ngalawa ufukweni msalimie, umpe jina lako, umwambie siku na saa unazoogelea awe anakuangalia akiwa anapita.